Kutubu Mianzi Ikikauka

Mimi nimetubu mara tatu mbele ya usharika, na mara zote tatu ilikuwa mwezi wa saba. Mgeni hawezi kujua maana yake, ila hapa Igowole hata mtoto anajua: mwezi wa saba mianzi imekauka, ulanzi hakuna. Mlevi gani atashindwa kuacha pombe isiyokuwepo?

Nilikuwa nasimama mbele, kofia mkononi, mchungaji ananiuliza kama nimeacha ulevi, najibu nimeacha. Kwaya inaimba. Wamama wananipa mkono wa kunirudisha kundini. Nalia kweli. Mvua zikianza, nami naanza. Binti yangu anakaa Iyunga, kule Mbeya, na kanisa la jirani yake watu wanatubu kwa spika kila Jumapili mpaka mbwa wanabweka. Nilikuwa nawacheka. Afadhali wao, wanatubu hata masika.

Sasa, lile ambalo mchungaji hakulisikia ni hili. Ulanzi niliokuwa nakunywa sikuununua. Jirani yangu, mjane Mkatoliki, ana mianzi chini ya kilima. Anaigema mwenyewe, anapokata mwanzi anafunga mbeta, kile kikombe cha mwanzi, ulanzi unadondokea humo. Mimi alfajiri nikienda shamba nilikuwa nainamisha mbeta mbili tatu, nakunywa, nazirudisha vizuri. Mwizi mwenye adabu.

Mjane akamshuku shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, kwa kuwa njia yake ya kwenda kuchuma chai inapita palepale. Akamwita mwizi kisimani, watu wakisikia. Misimu miwili hawakusalimiana. Hata msiba ulipotokea kwao, kila mmoja alikaa upande wake. Nami nilikuwepo, nikala wali, nikamwonea huruma shemeji.

Siku ya toba yangu ya tatu huyo shemeji alikuwa kanisani kwetu, kaja kwenye ubatizo wa mtoto wa rafiki yake. Akaningoja nje, akanipa mkono.

"Hongera, mzee. Una bahati."

"Bahati gani?"

"Una dhambi ya kutubu. Mimi nimepewa jina la mwizi, na nikienda kwa padri kuungama sina cha kumwambia."

Hilo lilinikaa kichwani kuliko mahubiri yote. Ningekuwa mtu wa maana ningeenda kwa mjane siku ileile. Sikwenda. Mvua zikaja, mianzi ikatoa, miguu ikanipeleka yenyewe. Nimeshika mbeta, imefika mdomoni, nikamkumbuka yule aliyekosa cha kuungama. Nikairudisha imejaa, nikakaa chini kwenye umande mpaka mwenyewe akaja kugema.

"Kamwene, mzee," akanisalimu. "Umepotea njia?"

"Sijapotea. Anayekunywa ulanzi wako ni mimi."

Akanitazama, kisu mkononi. "Tangu lini?"

"Tangu kabla hujamtukana shemeji yako."

"Na mwezi wa saba ulilia nini kule kwenu?"

"Ulevi."

"Ulevi wa mianzi ya nani?"

Akafuta kisu kwenye kanga. "Tangulia. Utamwambia yeye, mimi nikisikia. Na usilie. Habari za machozi yako tunazo."

Tulimkuta shemeji anakunywa uji mlangoni kwake. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, bila kwaya. Akaacha kunywa, uji ukapoa. Halafu akamgeukia mjane, mimi hakuniangalia.

"Kwa hiyo, shemeji?"

"Nimekukosea," mjane akasema.

Kumbe ni neno moja tu. Mimi nilihitaji mchungaji, wamama na nyimbo tatu, na bado sikulifikia.

Shemeji akaingia ndani akatoa kigoda, akamkalisha. Mjane akafungua dumu dogo alilokuja nalo, la ulanzi wa jana, wakanywa kwa zamu, wakaulizana habari za watoto kama watu waliotoka safari. Mimi walinipa ule uji uliopoa. Nikaunywa wote.