Bunduki Si Chapati

Jumamosi, katika duka la bunduki za kuchezea huko Coon Rapids, ughaibuni, mama mmoja Mkongomani alifika kaunta na bunduki ya mwanawe, kaiviringisha ndani ya kitenge. Kiingereza kilimkataa, nami nikajitolea kutafsiri.

"Mwambie masasi hayaendi sawa," alisema, akimaanisha risasi. "Yanapinda tu."

Muuzaji akapitisha kitambaa ndani ya mtutu, kikatoka kinang'aa mafuta ya kupikia. Akaeleza kwamba ndani mna kipira kinachoshika zile gololi za plastiki. Kikilowa mafuta, zinateleza na kwenda kombo.

Mimi mjuaji nikaangua kicheko. "Mama, bunduki si chapati! Nani alikufundisha kuipaka mafuta?"

Hakucheka. Kidole chake kiliendelea kuusugua ule mtutu, taratibu, kwa mazoea.

"Wale waliotuteka kule porini, baba. Kila asubuhi nilikuwa nazipaka zao."

"Anasema nini?" muuzaji akauliza, naye tayari kucheka.

Nyinyi mnaonisifu kwa umahiri wa lugha, jueni siku hiyo zote mbili zilinikimbia.

Nikamjibu, "Anasema asante."