Jicho Lililongojewa Likomae

Pale Ruaha Mbuyuni, ukitaka vitunguu vichambuliwe vizuri, unamwita Severina. Anakishika kitunguu kimoja kimoja, anaibonyeza shingo kwa kidole gumba. Ikiwa laini, bado, kinarudi juani. Ikiwa imekauka, kinaingia guniani. Ukikiharakisha kinaozea ghalani, na hilo hata watoto wa bondeni wanalijua.

Basi ukungu ulipoanza kutanda jicho lake la kulia, shemeji yake Obeid, mwenye shamba, alimchungulia akasema, "Shemeji, hicho si kitu. Ni mtoto wa jicho, bado mchanga. Mwache akomae, ndiyo watamtoa mzima mzima."

Severina akaona ni maneno ya akili. Madaktari wa macho walipokuja zahanati, yeye alibaki kwenye vitunguu.

"We Severina, nenda bwana," jirani yake Devotha alimwambia. "Jicho si kitunguu!"

"Na wewe si daktari. Bado naona kivuli cha mkono."

Wakacheka, wakaendelea kuchambua.

Jicho likawa jeupe kama ugali. Kisha likaanza kuuma, kichwa kikagonga, akawa anatapika. Alijifunga kitambaa akavumilia, maana kukomaa nako kuna kazi yake. Siku maumivu yalipokata, alifurahi. Likawa limetulia kabisa, na la kushoto nalo limeanza ukungu. Akamwambia Devotha, "Sasa tayari. Nisindikize Iringa."

Hospitalini daktari alikuwa binti mdogo, mpole. Alimkalisha, akamziba jicho la kushoto kwa kiganja.

"Mama, niambie ukiona mwanga."

"Haya, washa hiyo tochi."

Devotha, aliyesimama mlangoni, akajishika mdomo.

"Nimeshawasha, mama," daktari akasema.

Yule binti akaeleza taratibu. Mtoto wa jicho hangojewi akomae. Huyu alikaa mno, presha ikapanda ndani ya jicho, mshipa wa kuonea ukafa. La kulia hata wakilipasua halitaona. La kushoto lingali zima, na kesho linaweza kupasuliwa.

"Kesho hiyo hiyo, daktari!" Devotha alidakia. "Severina, si umesikia?"

Severina alisikia. Ila ni kama aliyekuwa akiambiwa habari za msiba wa kijiji kingine, wa watu asiowajua. Alijitafuta moyoni kama kuna kilio, hakukiona. Akasema tu, "Haya."

Jioni muuguzi alimbandika plasta juu ya nyusi za jicho la kushoto, wasije wakakosea kesho. Devotha alimwekea uji, ukapoa. Wodini kina mama walikuwa wakitaniana nani ataanza kumwona mumewe alivyozeeka. Wa kitanda cha pili akamgeukia.

"Na wewe mwenzetu, wanapasua lipi?"

"Lililobaki," Severina akajibu, akajifunika shuka.