Mchoro Usio na Mpasuo

Usiku ule wa kuamkia kikao cha ramani nililala na mchoro wenyewe chumbani, umekunjwa kama mkeka na kuegemezwa kabatini. Mume wangu, Baba Asha, aliuliza mara moja tu huyo mgeni atalala nasi mpaka lini. Nikamjibu mpaka kesho, maana kesho kamati ya mipango miji inakaa, mimi ndiye mwenyekiti wake, na tunapitisha au tunarudisha ujenzi wa jengo kubwa la maduka pale Soko la Chini.

Niseme mapema: nilikuwa nautaka ule ujenzi. Kabla sijawa diwani niliuza mchele pale sokoni miaka na miaka, na mvua ya pale naijua. Naijua inavyoingia kwenye gunia kutokea chini huku wewe unahangaika kufunika juu. Nalijua tope linavyokuvua kandambili mbele ya wateja, ukabaki umesimama kwa mguu mmoja na kujifanya unacheka. Jirani yangu wa meza alikuwa Zena, fundi cherehani, sasa marehemu. Tulikula sahani moja mchana, tukasutana, tukanuniana, tukapatana kabla soko halijafungwa. Zena alikuwa akisema siku soko hili likiezekwa vizuri atacheza ngoma kuanzia mlango wa mbele mpaka wa nyuma, na wenye wivu wajinyonge.

Kwa hiyo msanifu alipotuonyesha lile paa, vile vyoo, na vizimba vya wauza mboga vyenye maji ya bomba, moyo wangu ulishapitisha kabla kamati haijakaa. Kwenye mkutano wa wananchi kutoa maoni, watu waliuliza kodi ya vizimba, wakauliza bodaboda wataegesha wapi, wakauliza kama choo kitakuwa cha kulipia. Msanifu, kijana wa watu, aliwajibu mmoja mmoja kwa adabu. Wakapiga makofi, nami nikapiga. Usiku ule wa kuamkia kikao nikalala kwa raha ya mtu aliyemaliza kufua na kuanika.

Nikajiona niko ukumbini. Wajumbe wamekaa kwenye viti vyao, na mvua inapiga bati, ingawa ukumbi ule una dari na mvua huwa hatuisikii. Katikati ya mvua nasikia sauti nyingine, ya mguu unaokanyaga na gurudumu linalozunguka. Nageuka. Kwenye kona, pale linapokaa birika la chai, Zena anashona.

Ana futi shingoni na pini midomoni, kama siku zote. Hakuna mjumbe anayeshangaa. Hata mimi sishangai. Namwonea wivu tu kwamba mimi nimeota mvi na yeye yuko vile vile.

"Sogea nilione gauni," anasema, pini zikiwa pale pale.

Ninajitazama na kukuta nimeuvaa mchoro. Karatasi imekuwa kitambaa cha bluu, na ile mistari yote imekaa mwilini: lango kuu shingoni, paa mabegani, maegesho ya magari yameshuka kiunoni yamejipanga. Nikisema nilipendeza sijisifu. Nilipendeza kweli.

"Umependeza," Zena anakubali, na Zena hakuwa mtu wa kukudanganya kwenye nguo. Aliwahi kumwambia bibi harusi mchana kweupe, watu wanasikia, kwamba rangi aliyochagua itamfanya aonekane mgonjwa. Ananizunguka taratibu, anapapasa mshono, anaguna.

"Haya, tembea."

Najaribu. Mguu hauendi. Kitambaa kimebana magotini, na kadiri ninavyolazimisha ndivyo kinavyokaza. Natazama wajumbe wanisaidie, wao wanatazama dari.

"Nani kakushonea bila mpasuo?"

Namtetea fundi. Namwambia ni kijana msomi, ana heshima, amekuja sokoni mwenyewe kapima, kauliza watu.

"Aliuliza?"

"Aliuliza."

"Nanyi mkamwambia?"

Zena ananishika mabega na kunigeuza, kama alivyokuwa akiwageuza wateja wake wote bila kuwaomba ruhusa. Ninapomaliza kugeuka ukumbi haupo, na mvua imekatika.

Tuko sokoni, jua limewaka. Ni siku ya gulio. Harufu ya dagaa, ya ndimu, ya kitambaa kipya kinachofunguliwa kwenye mwavuli wa Zena. Meza yangu iko pale pale na mguu wake mmoja niliouwekea jiwe. Mizani yangu ya visahani viwili inaning'inia, imenyooka. Mama mmoja anataka nimwongezee mchele kidogo, nami namwongezea, kisha anataka tena kidogo, na Zena kule anapaza sauti: "Mama we, si umwambie akupe na gunia!" Soko zima linacheka, mama naye anacheka na bado hasogei mpaka aongezewe. Nilifurahi mno. Nilikuwa nimesahau kwamba tulikuwa tunacheka hivyo, kila siku, bila sababu ya maana.

Halafu kule barabara kuu kelele zinashuka, na ule ukimya unasogea meza kwa meza kuja kwetu. Hakuna haja ya mtu kuuliza ni nini. Mikeka inaanza kuinuliwa.

Nieleze, maana asiyekulia Soko la Chini hawezi kujua. Kuna njia inayoingia kutoka barabara kuu, inapita katikati ya meza zetu, inatokea nyuma na kupanda Mlimani, kwenye makaburi ya Waislamu na ya Wakristo, ambayo yametengwa na ua wa minyaa tu. Siku za kawaida hutaiona. Tunaitandikia mikeka, tunapanga nyanya na vikombe na viatu vya mitumba, na mgeni anaweza kuapa hapo hapajawahi kupita mtu. Lakini jeneza likija, mikeka inainuka yenyewe kwa yenyewe, hakuna anayeamrisha. Kila mwenye mizani anaishusha chini. Mguu wa Zena unaacha kukanyaga. Mnunuzi anabaki na hela mkononi. Wanaume wanaacha bidhaa zao wazi, wanatia bega hatua chache, wanapokewa na wengine, wanarudi. Mpaka mtu wa mwisho apite, huuziwi hata chumvi ya kuonja.

Hatukufundishwa, na hatukuwahi kulizungumza. Ni jambo la kunyamaziwa. Sasa nani atasimama kwenye mkutano wa wananchi, baada ya bodaboda na choo cha kulipia, aulize yeye atapitishwa wapi akifa? Wangemwambia anajichuria. Tulikaa kimya wote, mwenyekiti na wananchi wake, na kijana wa watu akapima alichokiona, yaani mikeka.

Basi nashusha mizani yangu. Jeneza linapita mbele yangu juu ya mabega, limefunikwa, na sijui ni la nani. Naangalia migongo ya wabebaji ikienda kule nyuma. Kisha inasimama.

Kuna ukuta. Mweupe, mpya, unanuka saruji mbichi, na umeandikwa kwa yale maandishi mazuri ya kwenye mchoro: sehemu ya kushushia mizigo. Wabebaji wamesimama mbele yake. Kwetu jeneza haliwekwi chini njiani, kwa hiyo wanabadilishana mabega, wanabadilishana tena, na wa kuwapokea wamekwisha.

Nyuma yao wanaanza kuja wengine, kwa miguu yao. Mzee Mbaruku wa chumvi. Mama Neema wa ndizi, na ule mwendo wake wa kuyumba. Fundi viatu aliyekuwa akiimba kwaya. Wote niliwahi kushusha mizani kwa ajili yao. Wanajipanga mbele ya ukuta kwa adabu, kama watu wanaongoja chenji, bila kulalamika, bila kumtazama mtu. Afadhali wangenitukana. Ile adabu yao ndiyo iliyoniliza.

"Zungukeni kwa barabara kuu," nawaambia, na naisikia sauti yangu mwenyewe, ile ya kikaoni.

Mzee Mbaruku ananigeukia. "Kwenye malori, mwanangu?"

Zena anatema pini kiganjani. Enzi ya uhai wake alifanya hivyo pale tu jambo lilipokuwa zito. Mengine yote, hata umbea, aliyasema na pini zake. Ananikazia macho.

"Tatu," ananiita kwa jina langu. "Mimi mlinipitisha wapi?"

"Hapa."

"Nani alinibeba?"

Naikumbuka siku ile. Cherehani yake ilikuwa imefunikwa kanga, na lilipopita lile jeneza lake mizani ilishuka mpaka ya muuza pilipili, ambaye yeye na Zena walikuwa hawasemeshani. Baba Asha alitia bega kutoka barabarani mpaka kwenye meza yangu na akakataa kupokewa. Mimi nilisimama nyuma ya mchele wangu nikauma kidole ili nisipige kelele.

"Soko zima," namwambia.

"Basi jengeni." Sauti yake imekuwa laini. "Ezekeni, tope lilinichosha na mimi. Ila mniachie mpasuo."

Nataka kumkumbatia, lakini gauni limenibana na mikono haifiki. Nataka kumwambia kwamba meza yangu haikupata tena jirani, kwamba hakuna anayeniambia ukweli kwenye nguo siku hizi, kwamba nimemkumbuka hadi kwenye vikao. Ninachofanikiwa kuuliza ni cha kiofisi:

"Upana gani?"

Anacheka. Cheko lile lile la kwake, la kutikisa mabega. Anaishika mikono yangu na kuinyanyua kwa pembeni, kama unavyompima mtu kwapa.

"Nyoosha."

Nanyoosha.

"Tena."

Nanyoosha mpaka mabega yanauma. Anavuta futi kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, hasomi namba kwa sauti, anatikisa kichwa tu kukubali.

"Hapo. Usiishushe."

Nami nasikia gurudumu la cherehani likizunguka tena, likienda mbali, likiingia kwenye sauti ya jogoo wa jirani.

Nikaamka. Dirisha lilikuwa limeanza kuingiza mwanga. Nilikuwa nimelala chali, mikono imenyooka kitanda kizima, machozi yameingia masikioni. Baba Asha alikuwa kwenye ukingo kabisa, mkono mmoja umeshika sakafu asianguke.

"Mama Asha," alisema, "unanisukuma niende wapi?"

"Nimeambiwa nisiishushe."

"Na nani?"

"Zena."

Hakucheka. Alikaa kitako, akaiangalia mikono yangu, kuanzia huu mpaka huu. Nikamwuliza, bado nimelala hivyo hivyo kama kinyago, kama kwa upana huo jeneza linapita na watu wake. Akafikiri. Mkono wake ukaenda wenyewe begani kulia, akawa anapasugua.

"Wabebaji wanapita," alisema. "Lakini wa kupokea hutembea pembeni, huku na huku. Hao hujawapa nafasi."

Akashuka kitandani. Akasimama palipoishia vidole vyangu vya kulia, kwa fulana yake na msuli, akalikaza bega.

"Na mimi hapa," akasema.

Niliutazama ule mchoro kabatini. Nikajua kwamba leo haupiti mpaka ushonwe upya pale nyuma, na kwamba wajumbe wakiniuliza upana gani, nitasimama mbele yao na kuinyanyua mikono hivi hivi, kisha nitawaomba wawili waje wasimame pembeni.