Chai ya Pili na RAM za Bi Salma

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa duka letu la kompyuta pale Muthurwa alinikabidhi kifutio cha penseli. Mimi, niliyekuja na cheti na shati lililopigwa pasi! Nilidhani ananifanyia mzaha. Kumbe RAM, ile kadi ndogo ambayo kompyuta hutandazia kazi inayoifanya kwa wakati huo, ina meno ya rangi ya dhahabu, na yakishika uchafu mashine haiwaki. Unayasugua kwa kifutio, unairudisha, inawaka. Nilisugua wiki nzima.

Fundi Mkuu alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi. Ukishabadilisha RAM, lazima uwashe programu ya kuipima, ile inayoandika na kusoma kila sehemu ya kadi, nawe ukae hapo na kikombe chako. Kikiisha, unamimina kingine.

"Mashine haitoki hapa kabla ya chai ya pili," alikuwa akisema. "RAM mbovu huwa na adabu mwanzoni."

Baadaye nilihamishiwa tawi la Donholm, chini ya Msimamizi asiyependa kuona mteja akisubiri. Huko ndiko nilikojifunza kuharakisha, na ndiko alikonijia Bi Salma wa mtaa wa Tena.

Bi Salma alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Shule yake ilikuwa imefungwa, akapata nafasi ya kufundisha wageni kwa mtandao akiwa nyumbani. Kilichobaki ni somo moja la majaribio, Jumatatu asubuhi. Kompyuta yake ya mezani ilikuwa na RAM ya giga nne tu, na kila akifungua darasa picha inaganda.

Nilimshauri tutoe ile kadi ya zamani, tuweke mbili mpya za giga nane nane. Akakataa katakata. Kitu kizima, mbona kitolewe? Nami nilimwelewa, maana mtaani kwetu hatutupi kinachofanya kazi. Mimi mwenyewe nina redio tatu. Basi nikaiacha ya zamani, nikachomeka moja mpya ubavuni mwake. Mashine ikawaka. Msimamizi akatazama saa. Chai yangu ya kwanza haikuwa imefika hata nusu, nikamwacha mama wa watu aende.

Jumapili asubuhi akanipigia simu: inajizima kila baada ya muda. Nikabeba kadi za kutosha nikaenda kwake Tena. Nilipowasha kile kipimo nilichokikatiza dukani, kioo kilijaa mistari myekundu ya makosa. Kadi mbili za umri tofauti na kasi tofauti zilikuwa hazielewani.

Bi Salma alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Fundi, hii kazi ndiyo niliyobaki nayo," akasema polepole. "Kesho itawaka ama haitawaka?"

Niliona haya hadi masikio yakanichoma. Nikamwambia wazi kuwa kosa ni langu. Hakunigombeza. Aliuliza tu kwa nini nisimwekee moja kubwa ya giga kumi na sita, kama ya jirani yake. Swali zuri hilo. Ubao mkuu wa kompyuta yake ulikuwa na nafasi mbili za RAM, na kadi moja kubwa ingemwachia nafasi ya kuongeza nyingine baadaye. Lakini kadi mbili pacha hubeba mzigo kwa pamoja, na mashine yake, isiyo na kadi yake ya picha, hukopa RAM ili kuonyesha video. Kwa mtu wa darasa la video, pacha.

Safari hii ile ya zamani aliitoa kwa mkono wake. Akachemsha chai ya iliki, tukakaa tukitazama kioo. Kikombe cha kwanza, cha pili. Hakuna mstari mwekundu hata mmoja. Jumatatu alifundisha, wakamchukua, na furaha niliyokuwa nayo siwezi kuificha.

Sasa nimestaafu. Macho hayasomi tena maandishi madogo ya kwenye kadi, na nyinyi vijana mna vipimo vyenu. Nilikuwa nimeanza kujiona sina kazi duniani.

Mwezi uliopita Bi Salma alinipigia. Alikuwa kwa jirani yake, anambadilishia RAM. Ameweka pacha, ya zamani ameitoa, na jirani amenuna. Nikamuuliza kama meno ameyasugua. Ameyasugua. Mashine imewaka? Imewaka zamani.

"Sasa mbona hujaenda nyumbani?" nikamuuliza.

"Niende vipi, Fundi? Ndiyo kwanza namimina chai ya pili."