Fundi Salvina na Mikono ya Chuma

Mjini Kahama watu walimjua Salvina kwa mshono wake. Ukiona geti ambalo chuma kimeungana na chuma bila donge wala tundu, ungeambiwa limechomelewa na yule mama wa Ushirombo. Kazi alijifunzia kwenye karakana ya Mzee Masudi, fundi aliyehamia kutoka Kigoma, mtu wa swala tano na maneno machache. Siku Salvina alipofika kwake, binti wa miaka ishirini, mzee alimpa miwani nyeusi na kipande cha bomba. "Usiangalie chuma," alimwambia. "Angalia moto unavyoyeyusha." Kwa mwezi mzima hakumfundisha zaidi ya hapo.

Miaka kumi na mbili baadaye kikaja kiwanda. Kilijengwa nje kidogo ya mji, kazi yake kuunganisha mabodi ya magari ya migodini: pikapu za wasimamizi na magari ya wagonjwa. Vipande vya bati vilifika kwa makontena, na waliovishika na kuvichoma walikuwa roboti sita, mikono ya chuma mirefu kuliko mtu, iliyofungwa sakafuni ndani ya uzio wa wavu. Sifa ya mikono hiyo ni kwamba haikuzaliwa na kazi moja. Asubuhi ilichoma paa la pikapu. Mchana, programu ikibadilishwa, fremu iliyobeba bodi ilijivuta yenyewe ikarefuka, na mikono ileile ikaanza gari la wagonjwa kana kwamba haijawahi kufanya kazi nyingine.

Lakini roboti haijui mshono mpaka ioneshwe. Lazima mtu aingie ndani ya uzio na rimoti mkononi, auongoze mkono taratibu, nukta kwa nukta, mpaka ushike njia. Kiwanda kilitafuta mtu mwenye jicho, kikampata Salvina. Mtaalamu wa kigeni alikaa naye miezi mitatu, akaondoka akisema hana la kumwongezea.

Mwanzoni aliipenda kazi hiyo kuliko kitu chochote. Kisha akaanza kuona kilichokuwa kikitokea. Kiwanda kiliajiri mafundi ishirini wa kuchomelea kwa mkono pale ambapo roboti zilikuwa hazijafundishwa, na Mzee Masudi, aliyekuwa amefunga karakana yake kwa kukosa wateja, alikuwa mmoja wao. Kila mshono Salvina aliofundisha ulikuwa mshono wa mtu. Alipomaliza sakafu ya pikapu, waliokuwa wakichoma sakafu waliitwa ofisini na hawakurudi. Alipomaliza milango, vivyo hivyo. Mwaka wa pili ulipoisha walikuwa wamebaki wanne. Hakuna aliyemtukana. Wangemtukana angalau angepata pa kujibu.

Alitamani kuacha. Nyumbani, hata hivyo, kulikuwa na Raphael, mumewe. Raphael alikuwa amesaga mawe ya dhahabu kwenye makarasha kule Geita kwa miaka tisa, vumbi jeupe likimjaa nyusi na kope, hana hata kitambaa puani. Sasa mapafu yake yalikuwa kama ya mzee wa miaka themanini. Dawa zake, vipimo vyake na mtungi wake wa hewa vilitoka kwa bima ya kiwanda.

"Kama kazi inakunyima amani, iache, Mama Rebeka," Raphael alimwambia jioni moja, ameegemea mito mitatu. "Mimi nitajikongoja."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na hicho ndicho kilichomfunga Salvina zaidi. Angemng'ang'aniza abaki, angeweza kugombana naye. Kesho yake alfajiri alivaa ovaroli akaenda.

Msimamizi wa zamu aliitwa Wiliam, kijana msomi, mwenye haraka muda wote. Mlango wa uzio ulikuwa na kufuli la umeme: ukiufungua, mikono yote husimama. Kuiwasha tena kulichukua dakika ishirini, na Wiliam aliona dakika hizo zinamla. Akatafuta kipande cha chuma chenye umbo la ulimi wa kufuli, akakichomeka pale, kufuli likaamini mlango umefungwa hata ukiwa wazi. Salvina alimwambia jambo hilo si salama.

"Wewe ni mtaalamu, Mama Rebeka," Wiliam alisema. "Utaingia na kutoka. Nani mwingine anaingia humo?"

Alhamisi moja, saa sita mchana, walikuwa wakibadilisha kutoka pikapu kwenda gari la wagonjwa. Nukta moja ya mshono wa paa, nyuma ya nguzo ya mlango, ilikuwa ikitoka kombo. Salvina aliingia na rimoti, akachutama ndani ya bodi, kichwa karibu na nguzo, ili aone. Wiliam alikuja kwenye meza ya kuendeshea, akatazama taa, zote kijani. Hakutazama ndani. Akabonyeza.

Fremu ilijivuta. Salvina alisikia sauti ya upepo kwenye vibano, akataka kuinuka, na mkono wa kwanza ukawa unashusha paa. Alijitupa pembeni. Fremu ilimfuata, ikamkandamiza kifua kwenye nguzo. Rimoti ilianguka mbali. Alipiga kelele mara moja tu, kisha hewa ya kupigia kelele ikaisha.

Wakati huohuo umeme ukakatika, kama unavyokatika mara nyingi mchana. Kila kitu kiliganda pale kilipofika. Kukatika huko ndiko kulikomwokoa, na ndiko kulikomfungia: bila umeme, breki za roboti hazilegei, na fremu haisogei hata isukumwe na wanaume kumi.

"Usijitikise," ilikuwa sauti ya Mzee Masudi. Alikuwa amepita kwenye mlango ule ulio wazi, amepiga goti. "Salvina, mwanangu, unanisikia?"

Alitikisa kidole. Nje ya wavu Wiliam alikuwa akisema wawashe genereta.

"Ukiwasha, mikono inaweza kumaliza ilichoanza," Masudi alisema bila kugeuka. "Nenda kazime swichi kubwa. Uishike mwenyewe, asiiguse mtu."

Wiliam alikimbia. Grainda ya kukatia chuma ilikuwa haina umeme, basi mzee akachukua msumeno wa chuma wa mkono, akaanza kukata nguzo ya gari jipya kutoka chini.

Salvina alivuta hewa kidogo kidogo, kama anayekunywa uji wa moto. Kila pumzi ilifika nusu ikagonga ukuta. Akamfikiria Raphael, aliyekuwa akipumua hivyo usiku na mchana kwa miaka minne. Alikuwa akimpangia mito na kumhesabia vidonge bila kujua ni nini hasa mumewe anachokibeba. Machozi yalimtoka, si ya maumivu.

"Moto unavyoyeyusha," Masudi alinong'ona akikata. "Unakumbuka? Niangalie mimi."

Ilichukua dakika arobaini. Nguzo ilipokatika, mzee aliikunja kwa mabega yake, Salvina akateleza sakafuni. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika.

Siku ya tatu Wiliam alimfuata wodini na karatasi. Ilieleza kwamba fundi aliingia ndani ya uzio kinyume cha utaratibu.

"Ni maneno tu," alisema, macho chini. "Ukisaini, nafasi yako ipo. Bima ipo. Usiposaini, sijui watasemaje juu."

Salvina aliisoma mara mbili. "Kile kipande cha chuma mbona hakimo?"

Wiliam alitoa kalamu mfukoni.

"Niachie kalamu."

Nyuma ya karatasi aliandika kila kitu kwa mwandiko wake wa darasani: kipande cha chuma, nani alikichomeka, nani alibonyeza. Akasaini huko nyuma, na nakala akaituma kwa mkaguzi wa usalama kazini. Kwa wiki moja alilala akisubiri kufukuzwa.

Hakufukuzwa. Mkaguzi alifunga kiwanda siku kumi, kufuli jipya likawekwa, Wiliam akahamishiwa stoo. Aliyeondolewa ni Masudi, kwa kuharibu bodi la gari bila kibali. Salvina alikwenda kwake kumwambia kwamba naye ataacha.

"Nani mwingine atazifundisha zile roboti kama wewe?" mzee alimuuliza.

"Hakuna, mzee."

"Ndiyo maana hawakukugusa. Rudi. Mumeo apumue."

Alirudi Jumatatu, mbavu zimefungwa bendeji. Juu ya meza alikuta mchoro wa kazi mpya: mshono wa nguzo ya mlango, ambao hadi wiki ile ulikuwa ukichomelewa kwa mkono na mafundi watatu waliobaki. Watatu hao walimwamkia, wakaendelea kuvaa glavu zao. Salvina alifungua mlango wa uzio, akahakikisha taa nyekundu imewaka na mikono yote imelala, akaingia.