Saa ya Nane Mbili

Kule Kawangware 46 ukiuliza fundi wa saa, ulionyeshwa kibanda cha Khamala. Na ukimuuliza Khamala rafiki yake ni nani, alikujibu Opondo wa Kisumu Ndogo kabla hujamaliza swali. Wawili hao walikuwa na wazimu mmoja: kukusanya saa ghali za Uswisi zilizotoka kiwandani na makosa. Waliupata wakiwa kwenye duka moja la saa mjini, Khamala akitengeneza, Opondo akifagia na kutumwatumwa. Tajiri akirudisha saa ya dhahabu eti jina limechapwa kichwa chini, mwenye duka aliwaachia wao kwa kuwakata mshahara, na wake zao wakanuna mwezi mzima. Watu waliwacheka. Wacha wacheke! Opondo alisema saa zisizo na kasoro zimejaa kila mahali, lakini iliyokosewa ina mwenyewe.

Iliyozishinda zote ilikuwa yake. Mahali pa tisa, kiwanda kilikuwa kimechapa nane ya pili. Basi kwa Opondo saa mbili ilifika mara mbili na saa tatu haikufika kamwe, na hicho ndicho kilikuwa kisingizio chake kila alipochelewa kazini. Jumapili baada ya kanisa, mmoja alimtembelea mwenzake, wakazipanga saa zao juu ya kitambaa, wakazitazama hadi chai ikapoa.

Mwaka wa tisini na sita Opondo akaanza kukonda. Majirani hawakuutaja ugonjwa wenyewe, walishusha tu sauti. Kikombe chake kikatengwa. Na Khamala naye, jamani, akaogopa. Jumapili moja alisema ana kazi nyingi, nyingine akasingizia mvua, kisha akaacha hata kusingizia. Alijichukia, lakini hakwenda.

Ndipo Awiti, mkewe Opondo, akaja kibandani na ile saa ya nane mbili imefungwa kwa leso. Alisema imesimama, na mwenyewe anaomba itengenezwe, kisha Khamala ampelekee kwa mkono wake. Mtu yeyote angejua kwamba mgonjwa hakuwa akitaka saa. Alikuwa akimtaka rafiki yake.

Khamala aliitazama pale kwenye leso, mkanda wake wa ngozi ukiwa na alama ya jasho. Ilikuwa imetoka kwenye mkono ule. Fundi yeyote anajua kwamba saa hufunguliwa kwanza, mashine ikaoshwa peke yake, na uso wake hauguswi na spiriti kwa sababu wino huyeyuka. Khamala aliyajua hayo kuliko jina lake. Lakini woga ulikuwa umempanda kichwani. Aliishika kwa kibano, akaitumbukiza nzima kwenye kopo la spiriti, akafunika, akatoka nje kuvuta pumzi.

Alipoitoa, spiriti ilikuwa imepenya chini ya kioo. Namba zilikuwa zimechuruzika zote, nane ya kwanza na ya pili, ukabaki uso mtupu na mishale yake. Akaiacha ikauke, akaijaribu. Mashine haikuwa na shida yoyote, ilikuwa haijatiwa ufunguo tu. Khamala alikaa chini akalia kama mtu aliyefiwa, na mwenzake bado alikuwa hai.

Kesho yake akaenda. Awiti alimfungulia, akawaachia chumba. Opondo alikuwa amebaki mifupa, macho yamefifia, lakini aliposikia sauti ya Khamala alitabasamu, akanyoosha mkono avishwe saa yake. Khamala akaisogeza. Harufu ikafika kabla ya saa.

“Umeiosha nzima kwa spiriti, omera,” Opondo alisema polepole. Alikuwa amekaa dukani miaka mingi, na alijua hakuna fundi anayefanya hivyo kwa sababu ya saa.

Khamala alikuwa amebeba uongo mwingi njiani. Wote ukamwisha.

“Niliogopa,” alisema. “Na nane zako zimefutika.”

Opondo akaurudisha mkono wake taratibu chini ya blanketi, ili rafiki yake asilazimike kuushika.

“Iweke tu hapo kwa stuli,” alisema. “Nimefurahi umekuja.”

Khamala akaiweka kwenye stuli.