Kitabu changu kimeuzwa mnadani kanisani

Jamani, leo kitabu changu cha mashairi ya mapenzi kimepigwa mnada kanisani! 😂

Mama alitoa sadaka kikapu cha tangawizi, hakujua kitabu kiko humo, chini ya tangawizi.

Baada ya ibada, mnadishaji akakiinua kitabu, akasoma shairi moja kwa sauti. Watu wakacheka.

Nikataja bei. Mzee mmoja jirani yetu, mkimya kweli kweli, akanipita. Nikapandisha, naye akapandisha. Nikashindwa.

Nikamfuata.

“Shikamoo babu. Kitabu ni changu, naomba uniuzie.”

“Marahaba. Mke wangu sijawahi kumwambia maneno kama haya. Sikujua mtu anaanzaje.”

Kumbe bibi, mkewe, yuko nyuma yetu, anasikia yote.

“Mjukuu wangu, mwache kwanza anisomee.”

Semeni nyie, ningekidai vipi tena?